Kwa nini muvi za zamani za sai-fai (hadithi za kubuni za sayansi) hazichoshi hata pale nyaya zinapoonekana?

MsafiriWaNyota

Habari zenu wakuu. Sijui niko peke yangu au vipi ila hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima. Juzi usiku nimekaa zangu nacheki The War of the Worlds, ile ya 1953 sio ile ya Tom Cruise, dogo langu la miaka 16 likaja likakaa pembeni. Zile mashine za watu wa Mars zinajitokeza tu, zina umbo kama yule samaki anaitwa taa halafu zina shingo ya nyoka, dogo akaanza kucheka, "braza ona nyaya hizo". Na kweli, kwenye kopi niliyonayo mimi nyaya unaziona kabisa, chombo cha kuangamiza dunia kinaning'inia kama ndoo ya kisimani. Nikamwambia tulia.

Sasa ikafika ile sehemu yule mwanasayansi na yule dada wamejificha kwenye nyumba iliyobomoka, nje kimya, halafu lile jicho la mashine linaingia taratibu mwisho wa bomba refu, linageuka huku, linageuka kule, linawatafuta. Nikamuangalia dogo, simu kashaiweka chini. Ule mkono wa vidole vitatu ulivyomgusa yule dada begani kutokea nyuma, dogo karuka mpaka mto umeanguka. Huyo huyo aliyekuwa anacheka nyaya!

Swali langu ndio hilo, kinachotushika ni nini? Nikiuliza watu wananiambia ah hizo ni kumbukumbu za utotoni tu, lakini 1953 hata baba yangu alikuwa hajazaliwa, sasa kumbukumbu ya utotoni naitoa wapi, tena dogo ndio kabisaa. Na muvi mpya naangalia sana, zina kila kitu, miji mizima inabomoka, ila siku mbili baadae ukiniuliza steringi alikuwa anaitwa nani sikumbuki.

GundiNaMsumari

Mkuu jibu la kwangu ni moja tu, kile kitu kilikuwepo. Basi. Kamera ilikuwa inaangalia kitu cha kweli kina uzito na kivuli, hata kama ni cha mbao na rangi ya dhahabu.

Chukua 2001: A Space Odyssey ya 1968. Kuna sehemu abiria amesinzia kwenye chombo, kalamu imemtoka mkononi inaelea yenyewe hewani inazunguka polepole, mhudumu anatembea kwa vile viatu vyake vya kunata anaidaka anamrudishia mfukoni. Unajua walifanyaje? Kalamu imebandikwa kwenye kioo kikubwa kwa gundi ya pande mbili, kioo ndio kinazungushwa mbele ya kamera. Ukishajua, rudi uiangalie tena hiyo sehemu uone vidole vya yule dada, haidaki, ANAIBANDUA. Kuna kakuvuta kadogo pale. Mimi nimeirudia sijui mara ngapi na kila mara nafurahi kama mtoto, yaani kujua siri hakujaniharibia kitu.

Halafu humo humo yule jamaa anayekimbia mazoezi mpaka anazunguka ukuta na dari, lile ni gurudumu la kweli wakuu, kipenyo futi 38, tani kama 30, walilijenga zima na meza na viti vimefungwa ndani. Jamaa anakimbia pale pale chini, chumba ndio kinazunguka. Na hii ilitoka Aprili 1968, mtu alikuwa hajakanyaga mwezini bado, walikanyaga Julai 1969.

Ukija kwa Star Wars ya 1977 ndio utacheka, vile vyombo ukiviona vina mabomba na vinyuzinyuzi vingi kumbe ni vipande vya vifaru na ndege za kuchezea, zile za kuunga kwa gundi, wamenunua maboksi kwa maboksi wakabandika. Sasa mwanga ukipiga pale unapiga plastiki ya kweli. Jicho linajua, hata kama wewe mwenyewe hujui kuwa linajua.

MchomaMoto

Samahani wakuu nawaharibia sherehe. Mnajidanganya.

Mnakumbuka nzuri kwa sababu mbovu zimeshazikwa. Huo huo mwaka 1953 wa mleta uzi kuna kitu kinaitwa Robot Monster, eliyeni mwenyewe ni mtu kavalishwa ngozi ya sokwe halafu kichwani kaweka kofia ya mzamiaji, na hapo nayo ilikuwa na bodi na msumari wa kweli na kivuli cha kweli kama anavyosema jamaa hapo juu. Kwa nini hiyo dogo asingeruka? Kwa hiyo sio "kitu kilikuwepo". Takataka inayoshikika ni takataka tu.

Na tuseme ukweli, nyingi mle mwanamke ana shahada zake lakini kazi yake kubwa ni kupiga mayowe na kubebwa. Ukiangalia leo unajikuna. Miaka 50 ijayo na hizi za sasa zitachujwa zitabaki kumi, na kuna mtu atafungua uzi kama huu anasema muvi za zamani zilikuwa na roho.

kimya_kimya

Nimeweka kambi hapa, nasoma komenti tu.

MamaWaSayari

MchomaMoto una hoja ila sio yote. Kwanza sio kweli kwamba muda unachuja nzuri zinabaki mbovu zinakufa, kuna nzuri zilichinjwa kabisa. Metropolis ya Ujerumani, 1927, baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza wakaikata kata, karibu robo ya muvi ikapotea, miaka 80 watu wanaangalia kitu kina mashimo hawaelewi baadhi ya wahusika wanafanya nini mle. Mpaka 2008 ikapatikana kopi Buenos Aires kwenye jumba la makumbusho la sinema, imejaa mikwaruzo kama mvua inanyesha kwenye skrini, wakaziunga wakaitoa upya 2010. Ukiiangalia leo unajua kabisa sehemu zipi zilikuwa zimepotea kwa sababu ya ile mvua, na mimi ndio napenda zaidi zile.

Pili, nyingine zilianza kama takataka kwa maneno ya watu wa wakati huo. Tarehe 25 Juni 1982 zilitoka The Thing na Blade Runner, siku moja! Zote zikadoda, watu wamejazana kwenye E.T. iliyotoka wiki mbili nyuma. Sasa leo niambie nani anaiita The Thing takataka. Kwa hiyo huo mchujo wako nani anauendesha?

Mimi nadhani ni hofu. Godzilla ya Japani, ile ya lidude kubwa linalotoka baharini, ilitoka Novemba 1954. Machi mwaka huo huo Marekani walilipua bomu la nyuklia la majaribio kwenye visiwa vya Bikini huko Pasifiki, majivu yake yakaiangukia meli ya wavuvi wa Kijapani, watu 23, na mmoja alishafariki kabla hata muvi haijatoka. Sasa Godzilla inaanzaje? Inaanza na meli ndogo, mabaharia wamekaa wanapumzika, mmoja anapiga gitaa, ghafla mwanga mkali baharini, moto. Fikiria wewe umekaa kwenye kiti 1954 Tokyo unaona hiyo. Huoni mtu kavaa gauni la mpira. Na kweli alikuwa mtu kavaa mpira, Haruo Nakajima, lile vazi la kwanza lilikuwa linakaribia kilo 100 ndio maana anatembea mzito vile, hakuwa anaigiza uzito, alikuwa amechoka.

Mtu alikuwa anaogopa kitu cha kweli halafu hana hela ya kukionyesha vizuri. Hapo ndipo panaponibamba.

GundiNaMsumari

"alikuwa amechoka" nimecheka kwa sauti 😂 lakini si ndio ninachosema mimi?? Uzito ulikuwepo!

Spika_Mbovu

Mnaongea macho tu, masikio je. Mngurumo wa Godzilla ni glavu ya ngozi imepakwa utomvu wa msonobari inavutwa kwenye nyuzi za besi, ile fidla kubwa ya kusimama, halafu mkanda wakaupunguza kasi. Upanga wa mwanga wa Star Wars ni mvumo wa mota ya projekta umechanganywa na kelele ya maiki iliyosogezwa karibu na televisheni. Forbidden Planet ya 1956 muziki wote ni wa vifaa vya umeme, mke na mume waliunda saketi zao wenyewe, nyingine zilikuwa zinaungua katikati ya kazi na sauti hairudi tena, kwa hiyo wanarekodi saketi ikiwa inakufa. Sikiliza na hedifoni usiku halafu uje useme hofu inatoka wapi.

Na kile kimya cha 2001 jamaa akiwa nje ya chombo, hakuna muziki, hakuna mlipuko, pumzi tu. Sasa hivi mtu hawezi kukuachia kimya sekunde tano, anaogopa utashika simu.

MamaWaSayari

Kimya hicho hicho ndio kimeibeba Alien ya 1979. Yule mdudu haonekani kwenye skrini zaidi ya dakika chache tu, muda mwingi unaangalia korido, matone ya maji, mnyororo unacheza. Mle ndani ya vazi alikuwa kijana wa Kinaijeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa huko London, mwembamba ana karibu futi 7, walimuona tu baa wakamchukua. Wakaweza kumficha vizuri kwa sababu hawakuwa na jinsi, wakimwonyesha sana utaona ni mtu.

Na sisi tuliozoea steringi hafi, ile ilitupiga kofi. Jina la kwanza kwenye orodha ya waigizaji ni nahodha, Tom Skerritt, mwanaume, ndevu, sauti nzito, ukawa ushajipanga huyu ndio steringi. Katikati ya muvi anaingia kwenye mabomba ya hewa na tochi ya moto, kwisha habari yake. Anayebaki ni Sigourney Weaver. MchomaMoto hapo mayowe na kubebwa umeyaona wapi?

MchomaMoto

Alien nawapa. Alien haihesabiki, hiyo ni 1979.

MsafiriWaNyota

Wakuu asanteni, uzi umenoga kuliko nilivyotegemea. Kuna kitu nataka kuongeza, mtaniambia kama natunga.

Nimeanza kufikiria labda ni kama hadithi. Mtu akisema paukwa, wewe unajibu pakawa, na pale pale umeshakubali, sungura ataongea na hutauliza anaongeaje. Hizi za zamani wanakuonyesha waya halafu ni kama wanakusubiri ujibu. Ukijibu umeingia ndani, hofu iliyobaki unaitengeneza mwenyewe, na unayojitengenezea haijawahi kuwa na grafiksi mbovu. Zile mpya hazikusubiri ujibu, zimeshamaliza kila kitu zenyewe, wewe kaa tu utazame. Dogo alicheka nyaya dakika kumi za kwanza kwa sababu alikuwa bado hajajibu.

Halafu ile Blade Runner mliyoitaja nimeicheki jana. Inasema Los Angeles, Novemba 2019. Hiyo 2019 imeshapita jamani! Magari yanapaa kati ya maghorofa, kuna watu wa kutengenezwa huwatofautishi na watu, halafu jamaa akitaka kumpigia demu simu anaingia kwenye simu ya ukutani ya kulipia baa, hana simu mfukoni 😅. Dogo kauliza "kwani hakuwa na bando?". Lakini baadae pale mwisho kwenye mvua juu ya paa hakuuliza kitu.

GundiNaMsumari

Hiyo ya pakawa nimeikubali. Ila sema ukipewa kitu cha kushika ndio unajibu haraka zaidi, mimi sitoki hapo.

Spika_Mbovu

Mwonyeshe The Thing sasa. Ile sehemu wanapima damu kwa waya wa moto, wamefungwa kwenye viti. Usimwambie chochote. Zima taa, sauti juu.

MsafiriWaNyota

Ndio mpango wa Ijumaa. Halafu MchomaMoto, ametaka pia ile ya sokwe na kofia ya mzamiaji, nimpe au nimwache?

MchomaMoto

Mpe. Mimi niliposema takataka sikusema sijaiangalia. Nimeiangalia mara tatu.