Mahakama ya Juu ya Norwei na ibara ya 112: je, majaji wamelinyenyekea mno Bunge?

Naanza kwa kutoa msimamo wangu ili anayepinga ajue pa kuanzia: kwa maoni yangu, hukumu ya tarehe 22 Desemba 2020 iliisoma Katiba ya Norwei kwa woga.

Kwa asiyeijua kesi yenyewe, mwaka 2016 serikali ilitoa leseni za kutafuta mafuta katika Bahari ya Barents. Shirika la mazingira la Greenpeace na jumuiya ya vijana ya Natur og Ungdom wakafungua kesi wakishikilia ibara ya 112, inayompa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na kutaka maliasili zitunzwe kwa ajili ya vizazi vijavyo pia. Mahakama ilikubali kwamba ibara hiyo inaweza kutumika mahakamani. Lakini ikaongeza kwamba Bunge likishalijadili suala na kuamua, jaji ataingilia tu pale Bunge lilipoupuuza wajibu wake kupita kiasi. Majaji 11 wakaziacha leseni zisimame. Wanne wakasema zile za upande wa kusini-mashariki ni batili, kwani athari kwa tabianchi hazikuchunguzwa ipasavyo.

Naijua hoja ya watetezi: huo ndio utamaduni wa nchi za Nordiki, jaji kumheshimu mbunge. Kweli, Denmark ina Katiba tangu 1849, na Mahakama yake ya Juu imebatilisha sheria ya Bunge mara moja tu, mwaka 1999, katika kesi ya shule za Tvind. Ufini kamati ya Bunge ndiyo inayokagua miswada kwanza, na mahakama huiweka sheria kando pale tu inapogongana waziwazi na Katiba. Uswidi nayo ilikuwa na sharti kama hilo hadi ilipoliondoa mwaka 2011.

Norwei si hivyo. Mahakama zake zinapima sheria kwa Katiba tangu karne ya 19, na sasa Katiba yenyewe, ibara ya 89, inasema ni haki yao na ni wajibu wao. Katika kesi ya Kløfta ya 1976 Mahakama ya Juu iliweka ngazi: sheria inayogusa uhuru na usalama wa mtu ipimwe kwa ukali, inayogusa mali na uchumi kwa ukali mdogo zaidi. Kwangu mimi, tabianchi inayoharibika inagusa uhai, basi ilistahili kupandishwa ngazi ya juu.

Tena tazameni kesi ya Fosen, eneo la Norwei wanakofuga Wasami, watu wa asili wa kaskazini. Tarehe 11 Oktoba 2021, mahakama ileile, majaji 11 kwa kauli moja, ilibatilisha leseni za mitambo ya upepo kwa kuwa iliwanyima Wasami haki ya kuendeleza utamaduni wao wa kufuga reindia, kulungu wa nchi za baridi. Ikasema haki hiyo haiwekwi kwenye mizani na maslahi ya walio wengi. Hapo woga ulikwenda wapi? Nakubali kuna tofauti: Fosen ilikuwa na wafugaji wanaojulikana, na leseni zake Bunge halikuwa limezijadili na kuziamulia kama suala la mafuta ya Barents. Lakini madhara hayapungui uzito eti kwa sababu yatawapata wengi.

Na anayehofia majaji kutawala nchi akumbuke yaliyofuata. Mitambo iliendelea kuzunguka. Februari 2023 vijana wa Kisami na wenzao waliingia wizarani Oslo na kukaa humo, siku 500 baada ya hukumu, ndipo serikali ikaomba radhi. Hata hukumu kali iliwaachia wanasiasa nafasi kubwa, kubwa kuliko nilivyopenda.

Wapo watakaosema leseni ya kutafuta si kibali cha kuchimba, na suala la tabianchi lina nafasi yake baadaye. Hiyo ni hoja nzuri kuhusu utaratibu, ila haijibu swali la kipimo, yaani kwamba Bunge liwe limepuuza wajibu wake kupita kiasi. Kwa hiyo nawauliza mnaokitetea: nitajieni uamuzi mmoja wa mafuta ambao Bunge linaweza kuujadili kikamilifu, likaupitisha, na bado ukaangushwa na ibara ya 112.