Aina ya kahawa: SL28, Ruiru 11 au Batian kwa nusu eka Gatundu?

ShambaWikendi (Kasarani)
Habari zenu wakuu. Nusu eka Gatundu, mita 1,750 hivi kutoka usawa wa bahari, udongo mwekundu. Kuna mashina 120 ya zamani ya SL28, sehemu iliyobaki ni tupu. Lengo ni kahawa ya alama 80 kati ya 100 kwenda juu kwa waonjaji. Shamba hufikiwa Jumamosi pekee kutoka Nairobi. Aina gani ipandwe hapo patupu, na hiyo mikongwe ing'olewe?

MwonjajiKilimani
Kwa ladha, SL28 bado ndiyo kiongozi. Ilichaguliwa Kabete, hapa hapa kando ya Nairobi, kwenye Maabara ya Scott miaka ya 1930. Herufi SL zimetoka huko. Uchachu wake wa matunda ni safi na utamu hubaki hata kikombe kikipoa. Batian inaikaribia sana. Ruiru 11 hudharauliwa bure: ikilishwa na kuchumwa nyekundu tupu, huvuka 80. Ikinyimwa mbolea, punje huwa nyepesi na kikombe kinapwaya, halafu watu wanalaumu aina.

MilimaNaSamadi
Mwonjaji, kwenye kikombe sikupingi. Lakini huyu ndugu anafika Jumamosi tu, na kwenye mita 1,750 penye baridi na ukungu adui ni chule buni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda ya kahawa. SL28 haina kinga. Kuvu hushambulia tunda changa likiwa linatanuka, kati ya wiki ya 4 na ya 14 hivi tangu maua, yaani mvua za masika zikiwa zimekolea. Dawa ya kopa (shaba) inatangulia mvua, kisha inarudiwa kila wiki 3 hadi 4. Mvua ikikuzuia Jumamosi moja ya zamu, ukirudi utakuta madoa meusi yaliyodidimia kwenye matunda, na tunda lililokwisha kuingiwa halitibiki.

Ruiru 11 (1985) na Batian (2010) zote zilitoka kituo cha utafiti cha Ruiru, na zote huhimili chule buni na kutu ya majani. Tofauti ni umbo. Ruiru 11 ni fupi, hupandwa kwa nafasi ya mita 2 kwa 2. Hapo patupu itaingia miche kama 280. Batian ni ndefu kama SL, nafasi yake mita 2.74 kwa 2.74, kwa hiyo miche 150 hivi. Hiyo 280 inavutia, lakini mizizi ya Ruiru 11 ni ya juu juu na mti hujibebesha matunda kupita nguvu zake. Kiangazi kikiingia bila matandazo, matawi hukauka kuanzia nchani. Shamba la Jumamosi halitaki mti wa namna hiyo. Panda Batian. Shimo sentimita 60 kila upande, lichimbwe miezi 3 kabla ya mvua, lijazwe udongo wa juu uliochanganywa na debe la samadi iliyooza na gramu 100 za mbolea ya TSP.

KisuChaKabari
Using'oe hiyo 120! Mizizi yake imeshuka mbali, hiyo ni mali. Kata shina, acha machipukizi 2 yaliyo imara, na yakifikia unene wa penseli yapandikize Batian kwa mkato wa kabari. Funga kwa utepe wa nailoni, funika na mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, fungua kidogo kidogo baada ya wiki 4 hadi 6. Kosa linaloharibu kazi nzima: kuchukua kipandikizi (kijiti cha Batian) kwenye tawi la pembeni. Kitashika, lakini kitatambaa kulala maisha yake yote. Chukua chipukizi lililosimama wima.

MwonjajiKilimani
Hapo naongeza: acha mashina 30 ya SL28 karibu na njia, uyapulizie vizuri. Ila ujue, cheri (matunda mabivu) zikienda kiwanda cha ushirika zinachanganywa na za wengine na jina la aina linaishia mlangoni. SL28 italipa tu ukizitenga tangu kuchuma hadi kuanika.

ShambaWikendi
Asanteni. Jirani ana Ruiru 11 nzuri, nikiotesha mbegu zake kwa kuziba mapengo?

MilimaNaSamadi
Hapana. Ruiru 11 ni chotara, mbegu yake hutengenezwa kwa kuchavusha ua kwa mkono. Ukiotesha tunda la jirani utapata miti mchanganyiko, mingine bila kinga. Nunua miche kwenye kitalu kilichosajiliwa, hata ya Batian.

ShambaWikendi
Na machipukizi yakitokea chini ya kiungo?

KisuChaKabari
Yang'oe kwa mkono kila Jumamosi yakiwa bado laini. Hayo ni SL28, yana nguvu kuliko kipandikizi, na ukiyaacha msimu mmoja yatakinyonya mpaka kife.