Boksi la fayawoli limegoma kuwaka baada ya umeme kurudi, adapta nzima, feni inazunguka. Prosesa imekufa?

mafinga_mtandao
Habari za jioni wakuu. Nasimamia mtandao wa shule moja huku Mafinga, tuna kiboksi cha fayawoli (kile kinacholinda mtandao) kidogo kisicho na skrini, prosesa imesoldiwa humo humo kwenye bodi, kimepiga kazi miaka kadhaa bila kusumbua. Jumapili umeme ukakatika, uliporudi boksi likagoma. Taa ya pawa inawaka, feni inazunguka, ila taa za poti ziko kimya na nikichomeka waya wa konsoli, ule wa kusomea maandishi ya boksi kwenye kompyuta, kwa spidi ya 115200, sipati hata herufi moja. Nimejaribu adapta nyingine ya volti 12, vile vile. Fundi wa hapa anasema umeme umeunguza, ninunue jingine. Sasa tuna la pili la aina hiyo hiyo Makambako, bado zima, na ndilo linaloninyima usingizi. Hivi prosesa inakufaje wakati haijawahi hata kupata moto?

njombe_kwetu
Pole sana mkuu. Umeme wetu huku ukirudi unakuja na kishindo kwa hiyo fundi hajakosea kuushuku. Fungua uangalie kapasita, kama kuna iliyovimba kichwani au imevuja. Na hiyo volti 12 ipime boksi likiwa limechomekwa, siyo adapta iko mkononi, maana adapta iliyochoka isipokuwa na mzigo inasoma 12 safi kabisa, ukiichomeka inaporomoka.

fundi_uyole
Usinunue kwanza kaka. Ni prosesa gani? Nauliza kwa sababu kama ni Intel Atom za C2000 (C2338, C2358, C2558, C2758 na ndugu zao) basi dalili ulizoandika ndizo zenyewe, na umeme unasingiziwa bure. Intel wenyewe wameiandika kwenye orodha yao ya hitilafu kwa namba AVR54, na mwanzoni mwa 2017 watu wengi wakaijua baada ya Cisco kutangaza kwamba baadhi ya vifaa vyao vina kipuri cha saa kinachochakaa, vitaanza kufa vikishatumika kama miezi 18.

Iko hivi. Prosesa inatoa mapigo ya saa kwenye njia inaitwa LPC, mapigo hayo ndiyo yanaendesha vichipu vingine kwenye bodi. Kwenye toleo la chipu hizo linaloitwa B0 ile sehemu inayosukuma mapigo inachakaa taratibu, mapigo yanakuwa dhaifu mpaka hayafiki juu inavyotakiwa, na siku yakikosekana boksi haliwaki kabisa. Hapo si lazima prosesa ipate moto, ndiyo maana linakufa hata kwenye baridi ya Mafinga. Na kwa kuwa kifaa kama hicho hakizimwi mwaka mzima, ugonjwa mara nyingi unaonekana siku umeme umekatika, basi kila mtu analaumu umeme.

Dawa ya muda ipo: rezista ya omu 100 kati ya pini ya saa ya LPC na volti 3.3. Inasaidia kuyavuta mapigo juu. Saa ikiwa chini inapita kama miliampia 33, joto lake ni kama wati 0.11, kwa hiyo rezista ya robo wati inatosha. Ila pini hiyo kila bodi ina mahali pake, usibahatishe, ukigusa pasipo penyewe utaua na kilichobaki, na kama una mtu mwenye osiloskopu apime mapigo kabla hamjashika solda. Halafu elewa kwamba chipu inaendelea kuchakaa, rezista inakununulia muda tu. Kupona kabisa ni bodi yenye toleo la C0 ambalo limerekebishwa.

tukuyu_net
Naongezea kidogo. Herufi za konsoli ndizo zinazoamua. Zikitoka za mwanzo halafu ikakwama kwenye kupakia mfumo, achana na prosesa, angalia eMMC (chipu ya memori ya kuhifadhia mfumo), hizi boksi zinaandika logi usiku na mchana mpaka memori inachoka. Wewe hupati hata moja, kwa hiyo namuunga mkono fundi_uyole.

mafinga_mtandao
Asanteni sana wakuu. La hapa chipu imefunikwa na hitisinki, ila nimeingia kwenye lile la Makambako kwa mbali, linasoma Atom C2358. Nilitaka kesho nilirestati nione kama litarudi.

fundi_uyole
Hapana! Usilirestati, na wala usiligusie apdeti, kwa sababu likizima linaweza lisirudi tena. Usiku huu huu toa bakapu ya konfigi (mipangilio ya boksi) uihifadhi kwenye kompyuta nyingine, siyo ndani ya boksi lenyewe, kisha tafuteni kompyuta ya kawaida yenye kadi mbili za mtandao, pandisha mfumo ule ule, rudisha konfigi, na majina ya poti uyapange upya maana hayatafanana. Ijaribu hiyo kwanza ikiwa shuleni kwako. Hapo ndipo unaweza kulizima la Makambako bila watu kukosa mtandao. Yupiesi pia iwekeni, haitibu chipu ila inapunguza mara za kuzimika. Lililokufa nitumie na basi la Mbeya, na adapta yake weka humo humo, nitalipima mapigo kabla ya kusoldi chochote.

mafinga_mtandao
Bakapu inashuka sasa hivi. Boksi nalipakia kesho asubuhi.