Vidole vyangu vinarudi palepale: niwasikilize wapiga gitaa gani?

Mpigaji wa Makole, Dodoma

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wenzangu habari za jioni. Nimepiga gitaa kwa miaka tisa, Jumapili kwenye kwaya ya kanisani na Jumamosi kwenye bendi ndogo ya harusi. Mwezi uliopita nilijirekodi kwa simu nikipiga nyimbo sita, na nilipozisikiliza usiku niligundua kwamba solo ya wimbo wa kwanza na solo ya wimbo wa tano ni kitu kimoja: zote zinaanzia uzi wa pili, zinapanda hadi freti ya 12 (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), kisha zinateremka kwa mwendo uleule, na hata pumziko linaangukia mahali pamoja. Nilisikitika sana, kwa kuwa chombo hiki nakipenda na nilidhani ninasonga mbele.

Ninaomba mnitajie wapigaji wakubwa wa mitindo mbalimbali, si wa dansi na injili peke yake, na zaidi ya majina mnieleze nitegee sikio kitu gani ndani ya upigaji wao. Mafunzo ya video nimeyafuata, lakini mwisho wake ninanakili mahali pa kuweka vidole bila kuelewa kwa nini mwenyewe aliviweka hapo. Nina gitaa kavu moja, lisilotumia umeme, naishi katika chumba cha kupanga chenye ukuta mwembamba, na nafasi ya mazoezi huipata baada ya saa tatu usiku.

Mzee wa Ridhimu, Morogoro

Marahaba, kijana wangu. Nilipiga gitaa la ridhimu, lile linaloshika mapigo nyuma ya solo, katika bendi za dansi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumza juu ya yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Anza na Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara hapa kwetu na Morogoro Jazz, akafika nayo Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, kisha akaanzisha Super Volcano kabla ya kufariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Watu wengi humsikiliza kwa sababu ya solo zake, nami sikulaumu ukifanya hivyo, lakini sikiliza anachokifanya wakati anaimba: gitaa linanyamaza, linangoja mstari uishe, ndipo linajibu kwa maneno machache. Baada yake mchukue Franco Luambo wa OK Jazz na Docteur Nico Kasanda, wote wa Kinshasa na wa kizazi kimoja, uwaweke pamoja. Franco anashikilia kipande kifupi cha nyuzi mbili na kukirudia mpaka wachezaji wanasahau kuchoka, ilhali Nico anatiririsha sauti moja moja, safi, kama mtu anayesimulia hadithi ndefu bila haraka.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuambiwa na mtu nilipokuwa kijana. Katika rekodi hizo kuna gitaa la pili na mara nyingine la tatu, na kila moja linasema kidogo tu. Kiongozi wa bendi yangu ya kwanza alinikataza kupiga solo kwa mwaka mzima, nikaumia moyo, lakini mwaka ulipokwisha nilikuwa nasikia nafasi zilizo wazi katikati ya mapigo, na solo yangu ya kwanza niliiweka ndani ya nafasi hizo. Kwa hiyo chagua wimbo mmoja wa zamani, uache solo kabisa, na ujifunze ridhimu yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa kuwa gitaa lako ni kavu, usimpite Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, kusini mwa Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 katika mji ambao leo unaitwa Likasi. Aliimba kwa Kiswahili na alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene kama mtu anayekwenda kwa miguu, na cha shahada kinadonoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi katikati ya hatua mbili za gumba. Gitaa moja linasikika kama mawili. Usijaribu kuviendesha vidole vyote viwili siku ya kwanza; acha gumba litembee peke yake hadi uweze kuzungumza na mtu huku likiendelea.

Mwalimu wa Muziki, Mpwapwa

Nakubaliana na mzee wetu, na ningependa kuongeza jibu kwa lile neno lako, kaka, kwamba hujui kwa nini mwenyewe aliweka vidole pale. Mara nyingi sababu iko katika maisha ya mpigaji kabla ya kuwa katika nadharia ya muziki.

Mtazame Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910 katika jamii ya Waroma. Mwaka 1928 gari la makazi alimokuwa akiishi liliungua, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vikabaki vimekunjamana. Solo zake zote tunazozistaajabia, pamoja na zile za kikundi kilichoanzishwa Paris mwaka 1934 akiwa na mpiga fidla Stéphane Grappelli, alizipiga kwa kidole cha shahada na cha kati. Mtu mwenye vidole viwili hawezi kukaa mahali pamoja akasubiri kidole cha nne kimfikie. Inabidi asafiri juu na chini ya shingo ya gitaa. Ukijifunga vidole vyako viwili kwa dakika 20, mazoea yako ya uzi wa pili hadi freti ya 12 yatavunjika yenyewe, kwa maana njia hiyo haitapitika tena.

Wa pili ni Wes Montgomery wa Indianapolis, aliyefanya kazi kiwandani mchana na kupiga gitaa usiku. Inasimuliwa kwamba aliacha piki, kile kibao kidogo cha kudonolea nyuzi, na kuanza kutumia nyama ya kidole gumba ili asiwasumbue waliolala, na hapo ukapatikana ule mlio wake laini, wa mviringo. Juu ya hayo alipenda kupiga wimbo kwa nyuzi mbili kwa pamoja, sauti ileile katika oktava mbili, yaani moja nene na moja nyembamba, huku uzi ulio katikati akiuziba kwa kidole. Ukuta wako mwembamba usiuone kikwazo kabla hujajaribu jambo hili kwa usiku kadhaa.

Kisha B.B. King, ambaye alipokuwa kijana alikaa Memphis kwa binamu yake Bukka White, aliyetelezesha chuma juu ya nyuzi. King alitamani mlio ule, hakuupata kwa njia ya binamu yake, akautafuta kwa kutetemesha kidole cha mkono wa kushoto. Tafuta sauti yake moja tu, uipige usiku kucha mpaka iimbe.

Jambo dogo la pembeni: kiangazi chetu huku ni kikavu mno, na ubao wa gitaa kavu hupasuka. Ukimaliza kupiga lirudishe ndani ya mfuko wake, usilitundike ukutani.

Mwana wa Kondoa

Kwa heshima yote, naona kunakili hakuna ubaya wowote. Ubaya ni kunakili nusu. Unachokiona kwenye video ni mahali pa vidole tu. Chukua rekodi yenyewe, ipunguze mwendo, uipate nota kwa nota kwa sikio, pamoja na pumzi na makosa ya mpigaji. Wimbo mmoja kwa mwezi unatosha. Mimi nimefanya hivyo kwa solo nne tu tangu mwaka jana, na wenzangu wa bendi wameanza kuniuliza nimejifunza wapi.

Jirani wa Chamwino

Ndugu wa Makole, wamekupeleka mbali na kukurudisha, nami nakuomba utoke nje ya mlango wako.

Ali Farka Touré wa Niafunké nchini Mali hakuanza na gitaa. Alianza na njurkel, chombo chenye uzi mmoja, akapiga pia njarka, ambalo ni zeze dogo la uzi mmoja. Mwaka 1956 alimwona Keïta Fodéba, msanii wa Guinea, akipiga gitaa, akaamua kuhamishia humo yale aliyokwisha kuyajua. Ndiyo maana hata akiwa na nyuzi sita anaweza kubaki kwenye uzi mmoja kwa muda mrefu, akiuzungukazunguka, na msikilizaji hapungukiwi kitu.

Sisi Wagogo tunalo zeze na tunayo ilimba, kisanduku chenye vichuma vya kudonoa, na tulikuwa na Hukwe Zawose, aliyezaliwa huku kwetu na kufariki mwaka 2003 baada ya kuupeleka muziki huu duniani. Ilimba hupigwa zaidi kwa vidole gumba, vikipokezana upesi kiasi kwamba husikii tena kipi kimepiga nini. Unasikia wimbo wa tatu ambao hakuna kidole kinachoupiga peke yake. Tundu la kisanduku chake huzibwa kwa utando wa buibui ili mlio upate mvumo. Kwenye gitaa kavu jaribu hivi: kata kipande chembamba cha karatasi, kipitishe juu na chini ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye ubao, kisha donoa kwa gumba na shahada kwa zamu, sauti nne au tano tu, bila kubadilisha kodi, yaani lile kundi la sauti zinazokwenda pamoja. Ukipata nafasi, njoo Chamwino usikilize akina mama wakipiga muheme, ngoma yetu ya Kigogo. Kaa karibu na ngoma, si karibu na spika.

Mpigaji wa Makole, Dodoma

Nawashukuru sana nyote. Jana usiku nilianza na karatasi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu: niliikata kutoka kwenye daftari la nyimbo za kwaya. Dakika kumi za kwanza nilisikia kelele tu. Baadaye nilipunguza hadi sauti nne, nikaacha gumba litembee kama mzee alivyosema, na ghafla ukatokea wimbo ambao sikuupanga, ukining'inia katikati ya vidole viwili. Nilijaribu kuushika na ukapotea, nikarudi kwenye zile sauti nne nao ukarudi. Nilirekodi dakika tatu. Hakuna mahali ambapo unapanda hadi freti ya 12.

Mzee wangu wa Morogoro, nina swali moja. Gumba likishazoea kutembea, je, mapigo ya gitaa la ridhimu niyaweke kwenye gumba au kwenye kidole cha shahada?

Mzee wa Ridhimu, Morogoro

Yaweke kwenye gumba kwanza, kijana wangu, na shahada ikae kimya wiki nzima. Jumamosi kwenye harusi piga wimbo mmoja hivyo, kisha uangalie miguu ya wanaocheza.