Naomba ushauri: nimpimeje msimamizi wa PhD ya otofajia kwa namba za kunukuliwa?

Mwanafunzi_Moshi:
Habari wakuu. Nina masta ya biolojia ya seli. Nataka kuwaandikia maprofesa wawili wa nje kuomba nafasi ya PhD kwenye otofajia, ile kazi ya seli kumeng'enya sehemu zake zilizochakaa. Kwenye Google Scholar wa kwanza amenukuliwa mara nyingi mno kumzidi wa pili, lakini h zao (kipimo kinachohesabu makala zilizonukuliwa vya kutosha) zinakaribiana. Nimfuate yupi? Pia nataka kuambatisha bloti yangu (picha ya bendi za protini kwenye membreni): dawa ninayoijaribu imepandisha LC3-II, protini inayotumika kupima otofajia. Naweza kuandika kwamba imeongeza otofajia?

Kiboriloni:
Panga makala zake kwa idadi ya nukuu. Ukikuta juu kabisa kuna mwongozo wa kupima otofajia (matoleo ya 2008, 2012, 2016 na 2021), utoe kwenye hesabu. Toleo la 2021 lina waandishi zaidi ya 2,000, na kila mmoja anahesabiwa nukuu zote, hazigawanywi. H haivimbi hivyo. H ya 30 ni makala 30, kila moja imenukuliwa angalau mara 30, kwa hiyo matoleo yote manne hayawezi kuiongeza zaidi ya 4 hata yakinukuliwa maelfu. Nadhani ndicho unachokiona hapo. Mwongozo wenyewe ni kazi nzuri, usome, ila hausemi lolote kuhusu maabara yake.

Halafu tenga makala za mapitio na za majaribio. Kwenye za majaribio angalia majina: la mwisho ni mwenye maabara, la kwanza ni aliyeshika pipeti. Je, wanafunzi wake wa PhD wanatokea wa kwanza? Kwako wewe hilo lina uzito kuliko namba yoyote.

Dada_Tengeru:
Naongezea. Linganisha wote wawili kwenye hazina moja ya makala, maana Google Scholar huhesabu hata tasnifu, na Scopus huwa na namba ndogo zaidi. Pitia PubMed (hazina ya makala za tiba na biolojia) uone kama kuna makala iliyofutwa. Na usimdharau mwenye nukuu chache: Tsukada na Ohsumi walipochapisha mutanti 15 za hamira (zenye jeni za otofajia zilizoharibika) mwaka 1993, uwanja huu ulikuwa na watu wachache sana. Nobeli ya Ohsumi ilikuja 2016.

Fundi_Bloti:
Mdogo wangu, usiitume hiyo bloti bado. LC3-II hukaa kwenye utando wa kifuko cha otofajia, na ya ndani humeng'enywa kifuko kikifika kwenye lisosomu, sehemu ya seli inayomeng'enya. Stendi ya Moshi ikijaa mabasi, ama yameingia mengi, ama geti la kutokea limefungwa. Bendi nene haikuambii ni lipi.

Weka mistari minne: seli bila dawa, bila dawa pamoja na bafilomaisini A1 (kemikali inayofunga geti hilo kwa makusudi, yaani huzuia lisosomu kumeng'enya), dawa peke yake, dawa pamoja na bafilomaisini. Bafilomaisini iwe nanomola 100, saa 2 hadi 4 za mwisho. Ile isiyo na bafilomaisini ipewe DMSO (kiyeyushi cha bafilomaisini) kiasi kilekile. Mstari wa nne ukizidi wa pili na wa tatu, otofajia imeongezeka kweli. Wa nne ukilingana na wa tatu, yaelekea dawa yako inaziba geti.

Jeli iwe asilimia 15, membreni ya PVDF yenye matundu ya mikromita 0.2, kwenye ya 0.45 protini ndogo kama hii huweza kupita na kupotea. Iloweshe kwanza kwenye methanoli. LC3-II ndiyo bendi ya chini, ingawa ina lipidi juu yake. Igawanye kwa aktini (protini ya kulinganishia kiasi cha sampuli), usiigawanye kwa LC3-I (umbo lake lisilo na lipidi), kwani LC3-I huharibika sampuli ikiganda na kuyeyuka. Umeme ukikatika na friza ikayeyuka, uwiano wa hizo mbili haufai tena.

Mwanafunzi_Moshi:
Asante sana kaka. Bafilomaisini ni ghali, hatuna. Klorokwini itafaa?

Fundi_Bloti:
Inafaa, ile ile ya malaria iliyoachwa nchini 2001. Tumia unga safi wa maabara, si vidonge, maana vina vijazio. Huyeyuka kwenye maji. Anza na mikromola 20 na 50 kwa saa 4. Usiiache usiku kucha, huvuruga pia Goji, sehemu ya seli inayofungasha protini. Pima p62 (protini inayomeng'enywa na otofajia) kwenye membreni hiyohiyo: ikishuka kwa dawa peke yake na kubaki juu palipo na klorokwini, ambatisha picha zote mbili, membreni nzima bila kukata.