Nta ya nyuki inang'ang'ania kwenye kalibu, mshumaa unatoka na ufa. Nimekosea wapi tena?

NtaSafi_Tabora
Habarini wadau. Niko Tabora, tuna kikundi cha akina mama tunachuja asali, na nta miaka yote tulikuwa tunamuuzia mchuuzi anayepita, bei anapanga yeye. Mwaka huu tukasema hapana, tunatengeneza mishumaa wenyewe. Ile ya mviringo ya kumimina kwenye bomba tumeiweza ila tunataka umbo letu, mzinga wa gogo kabisa, una kamba zake na tundu la nyuki, mtu akiushika ajue huu umetoka porini kwetu. Mzee mmoja hapa katuchongea mfano wa mninga, urefu kama kiganja, mpaka alama za shoka kaziweka.

Nikachukua poda ya jipsamu nikatengeneza kalibu ya vipande viwili. Nta ikanasa mpaka nikavunja kalibu kwa nyundo, mshumaa ukatoka umenyofoka kamba zote na una ufa toka juu hadi chini. Wa pili hivyohivyo nao niliuweka friza ugande haraka. Halafu hata ile ya mviringo ikiwaka inachimba shimo katikati, moto unazama unazimika. Naombeni msaada jamani, nta inaisha.

fundi_kalibu
Pole sana dada. Jipsamu ikiwa kavu inakunywa nta, ndo maana inanasa. Kalibu ya jipsamu unailoweka kwanza kwenye maji mpaka viputo viache kutoka, unafuta maji ya juu kwa kitambaa ndo unamimina. Lakini kwa huo mzinga wako hata ukiloweka utateseka tu, kwa sababu nta inaingia chini ya kamba ikigandia huko, na jipsamu ni ngumu haipindi, lazima kimoja kivunjike. Unahitaji kalibu inayopinda, yaani raba ya silikoni, ile ya majimaji inayokuja makopo mawili unachanganya.

Huo mninga upake vanishi ukauke kabisa, kisha vaselini nyembamba sana, ukipaka nene zile alama za shoka zinapotea. Ugandishe kwenye kipande cha kioo ukiwa umesimama, upande ambao utakuwa kitako cha mshumaa ndo ukae chini, zungushia boksi ubakize nafasi ya sentimita moja kila upande, ziba pembe. Silikoni pima kwa mzani, usikadirie kwa jicho, kila aina ina kipimo chake kimeandikwa kwenye kopo. Safu ya kwanza paka kwa brashi iingie kwenye kamba, inayobaki mimina taratibu kwenye kona moja tu, uzi mwembamba kutoka juu, viputo vinapasuka vikiwa njiani. Ikishakomaa kata ubavu mmoja kwa wembe, kata kwa kupindapinda kama meno ya msumeno ili ikifungwa ikae palepale, na usikate hadi upande wa pili. Tundu la utambi toboa kwa sindano nene. Ukitaka kumimina unaifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli.

Kingine, kama umenunua ile inayoitwa ya platinamu, isiguse salfa kabla haijaganda. Glavu za mpira tu, kwa salfa iliyomo, zinatosha kuiharibu, inabaki kamasi. Mimi ilinipotezea kopo zima kwa udongo wa kufinyangia wa watoto niliozibia boksi.

mama_wa_mizinga
Salamu kutoka Kitui. Dadangu hiyo friza ndiyo imekupasulia mshumaa. Nta ya nyuki hunywea ikipoa, sasa nje ikiganda mbio na ndani bado ni moto, lazima ipasuke. Inayeyuka kwa kama digrii 62 hadi 64, mimi humimina ikiwa 70 hivi, na kalibu nimeiweka juani ikapata joto. Nikishamimina naifunika na blanketi mpaka asubuhi. Juu kutatokea kashimo, ongeza nta kidogo kabla haijapoa yote.

Na tafadhali yeyusha kwa sufuria ndani ya sufuria ya maji, si moja kwa moja motoni. Nta ikishika moto usimwagie maji, funika na mfuniko. Sufuria ya chuma pia iache, nta itageuka nyeusi.

pwani_kwetu
Kwa asiye na hela ya silikoni ya makopo, chukua ile ya mafundi wa madirisha, yenye harufu ya siki, ukande na wanga wa mahindi ule wa kukolezea supu mpaka iwe kama donge la chapati, ukandamize kwenye mfano. Fanyia nje, ile harufu ni kali. Alama ndogondogo haishiki vizuri kama ya makopo lakini kwa maumbo makubwa inafaa sana.

Na hilo shimo la katikati, utambi wako mwembamba huo. Nta ya nyuki ikiyeyuka ni nzito kupanda utambini, utambi unaofaa mishumaa ya kawaida ya dukani utafia humo. Tafuta wa pamba uliosukwa, jaribu unene tofauti kwenye mishumaa ya upana mmoja, washa saa moja upime, dimbwi la nta liwe limepanuka kama sentimita mbili na nusu. Na nta ichuje, kukibaki asali au uchafu utambi unaziba.

NtaSafi_Tabora
Narudi kushukuru jamani. Silikoni tumechanga tukaagiza Dar. Wa kwanza umetoka jana na kamba zake zote, mzee kaushika kapitisha kidole gumba kutafuta alama za shoka, kazikuta. Nilijaza maji kwenye kalibu kujua nta kiasi gani, gramu 240 za maji nikazidisha kwa 0.96 maana nta ni nyepesi kidogo kuliko maji, ikaja kama 230, na kweli haikubaki wala kupungua. Utambi bado najaribu, wa pili kwa unene ndo unaelekea kufaa.

Sasa mzee anachonga mzinga wa gome, mnene zaidi. Nitajuaje silikoni itatosha kabla sijachanganya?

fundi_kalibu
Weka mfano ndani ya boksi, jaza mchele mpaka uzidi kichwa chake kwa sentimita moja, kisha umwage mchele kwenye jagi la kupimia. Hizo mililita ndo ujazo wa silikoni, kwa gramu ongeza kama sehemu moja ya tano maana silikoni ni nzito kuliko maji. Ila mchele utoe wote kabla hujamimina, kwenye pembe unajificha.