Mwajiri anataka mikataba ya msimu kwa wote: tudai nini mezani?

Mjumbe wa Tawi, Arusha
Ndugu wanajukwaa, ninafanya kazi katika hoteli moja ya kitalii na ni mjumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi. Uongozi umetuletea rasimu inayowahamisha wahudumu, wapishi na madereva kutoka ajira ya kudumu kwenda mikataba ya Juni hadi Oktoba, kwa hoja kwamba masika ya Aprili na Mei huacha vyumba vitupu huku mishahara ikiendelea kulipwa. Hesabu tumeonyeshwa, na hoja ina ukweli. Hata hivyo, mwenye mkopo wa benki na ada za watoto ataishije kwa ahadi ya kuitwa "wageni wakiwepo"? Tumekubaliana kuandika sera ya pamoja, naomba ushauri.

Mzee wa Njiro
Mjumbe, itazame vizuri hiyo miezi mitano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkingi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri yuleyule, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa mwaka hudai miezi 12 ya utumishi mfululizo. Sisemi wamekusudia. Dai kifungu kinachosema kwamba utumishi haukatiki kati ya msimu na msimu, na kwamba waliokuwepo ndio watakaoitwa kwanza. Kitu hicho kikiandikwa, kutohuishiwa mkataba kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi, kwa kuwa sheria inatambua matarajio ya haki, yaani sababu ya msingi ya mfanyakazi kutegemea kwamba mkataba utahuishwa.

Dada wa Moshono
Naongezea. Wanaoisifu Denmark kwa ajira zake zisizo na masharti magumu husahau kwamba mwajiri wa kule hupunguza watu kwa urahisi kwa sababu anayepunguzwa ana mafao ya kukosa ajira yanayoweza kufika miaka 2, pamoja na mafunzo. Kwetu fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hutaka michango ya miezi 18, na kwa misimu ya miezi mitano mtu ataifikisha msimu wa nne! Pendekezeni likizo ya siku 28 ichukuliwe masika, mafunzo yafuatie, na saa zipungue kwa makubaliano, ajira ikibaki ya kudumu.

Mjumbe wa Tawi, Arusha
Nashukuru. Likizo ya masika nadhani wataikubali. Ubishi utakuwa kwenye saa, hasa za madereva wanaotegemea posho za safari.